Swali Nililomuuliza Mteule

Jina la Loice lilitoka gazetini siku ya Alhamisi, na kufikia Jumamosi kila Mkenya wa kanisa letu hapa Katy, Texas, alikuwa ameshalisoma. Gavana wa kaunti yetu kule nyumbani alikuwa amemteua awe waziri wa fedha na mapato. Yaani ushuru wa masoko, ada za kuegesha magari, leseni za maduka, kodi ya mashamba, vyote vingepita chini ya mkono wake. Binti yangu, niliyemsomesha kwa ndizi mbivu! Watu walinisalimia mpaka kiganja kikauma. Wengine walinong'ona kwamba wana mpwa aliyemaliza chuo na hajapata kazi.

Siku hiyo hiyo, kwenye maegesho ya kanisa, Kwamboka alinivuta kando ya gari lake. Kwamboka ni nesi, tunatoka upande mmoja, na ameishi Texas miaka kumi na tisa. Hajui kulizunguka neno.

"Mama, ile grinkadi yako ya kuishi hapa imefika wapi?"

"Nilichukuliwa alama za vidole mwaka jana. Tunangoja barua ya kuitwa mahojiano."

"Na Loice anaapishwa lini?"

"Bunge la kaunti likimpitisha, mwisho wa mwezi."

Akauma mdomo. Kisha akanieleza polepole, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya damu. Sheria ya Kenya haimruhusu waziri wa kaunti kuwa raia wa nchi mbili. Itambidi Loice aukane uraia wa Marekani kabla ya kushika ofisi. Na aliyeniombea mimi karatasi ni Loice, kwa kuwa yeye ni raia wa hapa. Akiacha kuwa raia kabla sijaipata kadi, faili langu linakufa.

"Kwani hajakuambia?"

"Ameniambia," nikasema. Nilidanganya siku ya Sabato, kitambaa cha kanisa kikiwa kichwani.

Wiki iliyofuata nilihesabu kila siku nani angebaki na nani. Mpango wa nyumba yetu ulikuwa umeshapangwa. Loice angeenda kufanya kazi nyumbani miaka mitano. Mume wake, Cheruiyot, angebaki na kazi yake ya hospitali, zamu nne za usiku kila wiki. Na mtoto wao Fiona, ambaye ana miaka tisa, angebaki na mimi. Ni mimi ninayemsuka akiwa ameketi kwenye ngazi, ninayejua kwamba hali yai lenye kiini kibichi, ninayelala mlango wazi baba yake akiwa zamu. Nikirudishwa nyumbani, Fiona angelala na nani?

Ningeuliza, lakini namjua mwanangu. Nikiuliza, ataiacha kazi. Na kazi hiyo ameitaka tangu darasa la nne, siku mtoza ushuru alipopiga teke beseni langu la ndizi naye akaziokota moja moja, akizipangusa kwa sweta ya shule. Basi nikanyamaza. Nilipika, nikapiga pasi blauzi zake za safari, nikazikunja na karatasi laini katikati zisijikunje.

Jumapili Loice alitaka tufanye mazoezi. Jumanne angepanda ndege, na Ijumaa angesimama mbele ya kamati ya bunge la kaunti, wawakilishi wa wadi kumi na mmoja, wamuulize wanachotaka. Fiona tulikuwa tumempeleka kwa rafiki yake. Cheruiyot alikaa kichwani pa meza akiwa mwenyekiti, mwiko wa ugali mkononi badala ya nyundo. Kwamboka alikuja na mandazi, akapewa kuwa mwakilishi mkorofi. Mimi nilikuwa kwenye sinki nachambua mboga za managu.

"Utaratibu!" Cheruiyot akagonga meza. "Mteule, jitambulishe."

Loice alikuwa amevaa suti ya bluu, lakini miguuni ana ndara. Akataja jina, shahada zake, na miaka kumi na miwili aliyokagua hesabu katika kampuni moja ya mafuta Houston mjini.

"Mwenyekiti," Kwamboka akaingilia kwa sauti nene ya kiume, "CV ya huyu mama ni ndefu kuliko lami yote ya wadi yangu. Akila pizza huko, sisi tunakula vumbi. Soko letu analijua kweli?"

"Nimekulia sokoni, mheshimiwa."

"Mkungu mmoja leo ni pesa ngapi?"

Loice akanitupia jicho.

"Mteule haangalii wageni!" Cheruiyot akagonga tena. "Wageni nao wasikonyeze!"

Tukacheka, hata mimi. Loice akavuta kiti cha nne. "Mama, acha mboga, kaa hapa. Wewe ndiye unalijua soko. Niulize lile litakalonishinda."

"Mimi niliishia darasa la saba."

"Kuna waheshimiwa hawakufika hapo," akasema Kwamboka, mdomo umejaa andazi.

Nikapangusa mikono, nikakaa. Cheruiyot akanipa nafasi: "Mheshimiwa mwakilishi wa wadi ya Jikoni."

"Mteule," nikasema, "mimi nauza ndizi. Asubuhi mtozaji anakuja. Ushuru ni hamsini. Ananiambia, mama, lete thelathini, risiti tuiache. Mimi nimefurahi, yeye amefurahi, kaunti haijaona kitu. Utatufanya nini?"

"Tutaweka mfumo wa kulipa kwa simu, mheshimiwa."

"Simu yangu haina chaji."

"Mtozaji atakuwa na mashine."

"Mashine imeharibika. Imeharibika tangu Jumatatu. Za soko zima zimeharibika siku moja, kama zilipatana."

Kwamboka akapiga meza kwa raha. "Mmalize, mama!"

Loice hakucheka. Alifikiri, akaweka kalamu chini. "Basi nitakuja sokoni mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, nihesabu meza. Zikiwa meza mia mbili na risiti ni mia na ishirini, nitamuuliza mtozaji. Sitamuuliza muuza ndizi."

Jibu hilo liliniingia. Niliona kazi anaiweza, na nikaona si ya kubahatisha, ni yake.

"Mheshimiwa ana swali la ziada?" Cheruiyot akauliza.

Nilikuwa niseme sina. Nilikuwa hata nimeanza kuinuka nirudi kwa mboga zangu.

"Ninalo," nikasema. "Mteule ni raia wa nchi ngapi?"

Kwamboka akaacha kutafuna.

Loice alikuwa na jibu lake tayari. Halikukwama popote. "Mbili, mheshimiwa. Nimeshachukua miadi katika ubalozi wa Marekani, Nairobi. Uraia huo nitaukana kabla ya kula kiapo, kama katiba inavyotaka."

"Na kuna mtu ambaye karatasi zake zimesimama juu ya uraia huo?"

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye sinki, nilikuwa sijaufunga mfereji vizuri. Loice alinitazama, na bado alikuwa na sauti ile ya kamati.

"Mambo ya familia yangu hayahusiani na kazi hii, mheshimiwa."

"Yananihusu mimi."

Cheruiyot akaweka mwiko chini taratibu, usigonge. Loice akamgeukia Kwamboka, na Kwamboka akaangalia mandazi.

"Usimwangalie yeye," nikasema. "Wakili alikuambia nini?"

Akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti. Mabega yake yalikuwa yamelowa jasho. "Alisema barua inaweza kuja wiki ijayo. Inaweza kuja baada ya mwaka. Nilikuwa nabahatisha, Mama. Nilisema itawahi."

"Ulinibahatisha mimi."

"Ningekuambia ungesema nenda. Kisha ningekukuta umefunga sanduku lako, umelikalia."

Ni kweli, ningelifunga. "Na mimi ningekuuliza ungesema huendi," nikamjibu.

"Nyinyi mnajuana sana," akasema Cheruiyot. Hakuwa anatania. "Mmoja ananyamaza kwa ajili ya mwingine, wiki nzima. Na mimi? Zamu za usiku, mtoto wa miaka tisa. Ni nani aliyefikiria kuniuliza?"



Ilikuwa saa nne asubuhi, kule nyumbani saa kumi na mbili jioni. Loice akachukua simu akampigia msaidizi wa gavana, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi. Alitaka jambo moja: apitishwe na kamati, lakini kiapo kingoje mpaka faili la mama yake liishe.

"Mheshimiwa waziri!" sauti ya mwanamume ikajaa jikoni. "Suti iko tayari?"

Loice akamweleza yote, bila kuficha. Yule mtu akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba.

"Hilo tu? Dada yangu, umenishtua bure. Andika hati ya kiapo kwamba umeshaukana, tuipeleke kwa kamati. Hawana njia ya kuangalia. Hiyo pasipoti nyingine iweke chini ya nguo. Mama akipata kadi yake, utaenda ubalozi polepole, hakuna anayekukimbiza. Si wewe wa kwanza."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Kwa pumzi mbili hivi niliona kila mtu amepata chake, Loice ofisini, Cheruiyot kazini, mimi na Fiona na chanuo letu kwenye ngazi. Nilimtazama mwanangu nikitaka aseme ndiyo. Hata nilitikisa kichwa, kidogo, kumkubalia. Aliniona.

"Na nani atakuwa anajua?" Loice akaiuliza ile simu.

"Mimi na mkubwa. Basi."

"Siku mkitaka nisaini kitu ambacho sikitaki?"

"Aii, mheshimiwa. Sasa tumefika huko?"

"Ndiyo, nimefika. Mwambie mkubwa naomba aningoje."

"Kiti cha mapato hakingojei mtu. Kuna watu wanne wamekaa nje ya mlango tangu juzi."

"Basi wafungulie," akasema Loice, na akakata.

Kwamboka ndiye aliyesema kwanza. "Na mimi nilishawaambia Wakenya wote wa Lewisville kwamba nina waziri." Alitaka tucheke, tukashindwa. Akafunika mandazi na karatasi ya foili, akaaga.

Loice alitoka akaenda gereji, akaketi ndani ya gari bila kuliwasha. Nilimwona kwa kioo cha mlango, mikono kwenye usukani kama anayeendesha. Nilitaka kumfuata. Cheruiyot akanishika kiwiko.

"Muache, Mama. Akitoka ataongea."

Nikabandika managu. Alitoka baada ya nusu saa, akaongea. Alisema managu yataungua.

Jumatano jina jipya lilitangazwa, la mwanamume fulani. Loice alilisoma kwenye simu akimimina kahawa kwenye chupa ya safari, maana kutoka Katy mpaka mjini ni zaidi ya saa nzima magari yakibanana.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Ni shemeji ya mtu."

"Ataweza?"

"Ataweza kula." Akafunga chupa, akaifunga tena ingawa ilikuwa imeshafungwa. "Mama, usinitazame hivyo. Uamuzi ni wangu. Hata usingekuwepo ningekataa kuingia kwa hati ya uongo."

"Lakini nisingekuwepo usingehitaji hati ya uongo."

Akanibusu shavuni haraka, kama anavyombusu Fiona akichelewa, akaondoka.

Nilibaki jikoni na woga mwingine ambao sikuutarajia. Tangu mwaka jana nimeomba barua ya mahojiano ije upesi. Sasa nilifikiri: je, ikija wiki hii? Ikija Ijumaa, siku ile ile ambayo angesimama mbele ya kamati? Loice atanifungulia, atanisomea tarehe, atasema asante Mungu. Kisha atahesabu siku chache zilizomkosesha kiti. Hatasema kitu, lakini atazihesabu, ndiyo kazi yake, na hesabu yake haikosei.

Niliinamisha kichwa juu ya meza ile ile, na kwa aibu kubwa nikamwomba Mungu aicheleweshe kidogo.