Msimu wa Kukaa Kimya

Sisi mwaka wetu una makazi mawili. Mvua zikinyesha tuko nyika, chini huko upande wa Mombo, tunalima mahindi kwenye joto na mbu. Kipupwe kikiingia tunapanda Juu, ukingoni mwa msitu, tunalima njegere na viazi kwenye baridi inayokupata mpaka kwenye jino bovu. Tunapaita Juu tu, na kwenye mikutano ya kijiji hatutajwi ila siku ya michango. Baba yangu aliishi hivyo, na babu yangu, na hakuna aliyewaita wazururaji. Siku hizi kila ofisi nikiingia naulizwa, "Mzee Paskali, makazi yako ya kudumu ni wapi?" Nawajibu, "Njiani." Hawacheki.

Watoto wangu wawili wamekulia humo njiani. Zipora, mwenye miaka minane, alizaliwa nyika wakati wa kuvuna. Mdogo wake Sheshe, wa miaka mitatu, alizaliwa Juu. Wakati wa kuhama mama yao, Jenoveva, alikuwa anawapakia juu ya magunia kwenye lori, mmoja huku, mmoja huku, kuku katikati, anawaambia washike kamba wasishike kuku. Kona za kupanda Soni zinatapisha watu wazima, lakini wale walikuwa wanaimba.

Jenoveva alifariki mwaka jana tukiwa nyika. Homa. Zahanati tuliyomkimbiza ilikuwa na mhudumu mmoja na tangazo la kunawa mikono, dawa hakuna. Gari la wagonjwa, tuliambiwa, limewapeleka wakubwa kwenye semina. Tukambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabara ya lami, na pale pale kwenye lami akaniacha. Hiyo semina ilihusu nini sijui mpaka leo. Nasikia walikula pilau.

Kwa hiyo kipupwe cha mwaka huu nilipanda na watoto peke yangu. Tulipofika Soni nikapita kwa mama mkwe, Mama Elinuru, kama ilivyo adabu. Alikuwa mlangoni anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hao unawapeleka wapi?"

"Juu, mama. Njegere haziwezi kujilinda."

"Kwa hiyo wajukuu wangu ndio mbwa wako wa kulinda."

"Mama, hata Jenoveva alilinda akiwa mdogo. Ulimpeleka wewe."

Ungo ukasimama. "Nilimpeleka nikiwa naye. Wewe utakuwa shambani, utakuwa unabeba magunia, utakuwa unapika. Mikono unayo mingapi? Waache hapa. Shule ile pale, kengele yake naisikia nikiwa kitandani."

"Nikiwaacha nitabaki na nani?"

"Utabaki na njegere."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa na neno moja tu: hawa watoto wameshampoteza mmoja, wasimpoteze na wa pili kwa kuwekwa mbali naye. Na mimi pia nilikuwa naogopa, sikulisema hilo. Mwisho akasimama, akajifunga kanga upya.

"Wachukue. Lakini nisikilize vizuri, mkwe. Mmoja wao akishushwa huko amebebwa, nawachukua wote wawili. Na usinijie hapa na wazee wako kunibembeleza."

"Sawa, mama," nikasema. Na neno ukimwambia mama mkwe huku umesimama mlangoni kwake, umelisema.

Sasa niwaeleze namna tunavyolinda. Juu kuna kima. Wakishuka kundi zima, shamba la njegere linabaki vijiti. Ndiyo maana kila familia ina dungu, kichanja cha miti katikati ya shamba, na kwenye dungu anakaa mtoto na debe la bati na gongo. Akiona jani linatikisika ukingoni, anagonga. Kima hawapendi bati, wanarudi zao msituni. Debe lile lile ndilo linalolinda mtoto. Ukungu wa Juu unashuka ghafla, unaangalia mkono wako huuoni. Mtoto wa kwetu anafundishwa kabla hajajua kuhesabu: ukungu ukishuka, kaa hapo hapo ulipo, usitembee, gonga taratibu, pumzika, gonga tena. Mtu mzima atafuata mlio. Kuita kwa mdomo hakusaidii, maana sauti ya mtoto kwenye ukungu inatawanyika, unaisikia kila upande. Bati linakuja moja kwa moja. Hivyo ndivyo tulivyokua sisi wote huko, na hakuna aliyepotea.

Hatukuwa tumemaliza hata wiki mbili wakaja wakubwa. Mtendaji wa kijiji, askari wa msitu wawili, na kijana mmoja mwenye buti mpya, afisa kutoka mjini, anaitwa Edgar. Zipora alishuka kwenye dungu akamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia "marahaba" huku anaangalia miti. Mimi, niliyeweza kumzaa, akaniambia, "Mambo vipi, mzee wangu?"

"Mambo ni haya unayoyaona."

"Mzee, hizi kelele za madebe hapa ukingoni zinakoma leo. Kuna wageni wanatoka mbali sana kuja kusikiliza ndege wa msitu huu. Wamelipia utulivu."

"Na hawa kima wanaokula njegere zangu, wao wamelipia nini?"

"Weka sanamu. Weka matambara. Kuna njia za kisasa."

Jirani yangu Yusra, ambaye shamba lake na langu yametenganishwa na mfereji tu, alikuwa ameshasogea na jembe lake begani. Yule mama mdomo wake haujawahi kupumzika. "Mwanangu," akamwambia Edgar, "hao wageni wako wakisikia tumbo langu linavyolia njaa, watasema ni ndege gani huyo?"

Mtendaji akacheka, akakumbuka yuko kazini, akakohoa. Edgar hakucheka. Akaamuru askari wakusanye madebe mashamba yote. La kwetu lilikuwa na tundu, Jenoveva ndiye aliyelitoboa kwa msumari ili alitundike. Wakalitupa kwenye gunia pamoja na mengine.

Kisha Edgar akafanya jambo ambalo mimi sitalisahau. Akachuchumaa mbele ya Zipora. "Wewe ni msichana mkubwa, unaelewa, eti?" Zipora akaitikia kwa kichwa. "Nikisikia tena bati linalia huku, unajua nani atafungwa? Baba yako. Tutampeleka mahabusu Lushoto. Unataka baba afungwe?"

Zipora akatikisa kichwa.

"Safi. Mtoto mzuri." Akamshika shavu, akaondoka. Alimwambia kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mtoto pipi.

Niliweka matambara. Kima waliyatazama siku moja, siku ya pili mmoja akavaa tambara moja. Ikabaki mawe. Sasa jiwe si kama debe. Debe unagonga ukiwa umekaa kwenye dungu. Jiwe lazima umsogelee kima mpaka limfikie, naye anarudi nyuma kidogo tu, nawe unasogea, anarudi, unasogea, mpaka umeingia msituni hujui. Nilimwambia Zipora asivuke korongo lililo kati ya mashamba na msitu. Lakini kima nao hawakuambiwa wasivuke.

Siku yenyewe nilibeba gunia la njegere kulipeleka kwenye njia ya lori. Mchana ulikuwa mweupe. Niliwaachia viazi vya kuchemsha kwenye sufuria na mfuniko wake. Narudi, niko katikati ya mlima, ukungu ukashuka na manyunyu ndani yake, yale manyunyu ya kipupwe ambayo huyaoni lakini unalowa mpaka chupi. Nilipofika shambani nilikwenda kwa kupapasa. Nikagusa nguzo za dungu. Nikapanda. Hakuna mtu, hata sufuria haipo.

Nikasimama nisikilize. Nilisikiliza mlio wa bati, hata baada ya kukumbuka kuwa debe lilichukuliwa, masikio yalikuwa yanausubiri tu. Kimya. Kimya hicho hicho walicholipia.

"Zipora! Sheshe! Zipora eee!"

Yusra akanisikia, akaja akifuata mfereji, mumewe Yassir nyuma yake anapuliza filimbi ya kuchungia mbuzi. Tukajipanga, kila mmoja asipoteze mkono wa mwenzake, tukavuka korongo. Tuliita mpaka koo zikakauka. Yusra aliyezoea kutania hakutania, alikuwa anasema tu, "Ya Rabi, ya Rabi," na kugonga jembe lake kwa jiwe kwa sababu hakuwa na kingine. Nikamwambia gonga zaidi, wakija kukufunga tufungwe wote.

Yassir ndiye aliyewapata, giza likiwa linaanza kuingia. Nusura awakanyage. Walikuwa chini ya mti ulioanguka, upande wa pili wa korongo, mahali ambapo tulishapita mara mbili. Mara mbili tulipita karibu yao tukiita majina yao.

Zipora alikuwa amevua sweta lake na kanga aliyojifunga, vyote amemfunika Sheshe, yeye kabaki na gauni. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye mdomo wa mdogo wake. Sufuria ilikuwa pale pembeni, na mfuniko wake.

"Zipora, mwanangu, hukutusikia?"

Meno yalikuwa yanagongana, nikasubiri. "Nimesikia, tate." Tate ni baba, kwetu. "Nikasikia na filimbi. Nikajua ni maafande, wako na wewe, wamekukamata."

"Sasa sufuria unayo hapo. Kwa nini hukugonga?"

Aliniangalia kama vile mimi ndiye mtoto. "Si wangekufunga?"

Yusra akakaa chini kwenye matope akalia kwa sauti. Halafu ghafla akamnyanyua Sheshe, akafungua nguo zake kifuani akamweka ndani, ngozi kwa ngozi, akajifunika. "Hatetemeki," akasema. "Paskali, mtoto hatetemeki tena, baridi imemzidi. Twende."

Sisemi mengi ya njia ile. Tulipata lori la kabichi. Zipora alikaa mapajani mwangu mbele, Sheshe yuko kifuani kwa Yusra, na kila kona dereva alikuwa anaomba Mungu wa dini yake. Hospitali walimpokea Sheshe, hapo siwezi kusema uongo, muuguzi alikimbia naye wodini. Mapafu. Alilala na mpira wa hewa puani siku nyingi. Akapona, kama kupona ni kupumua huku unapiga mluzi kifuani.

Alipotolewa nikawaleta Soni. Sheshe alikuwa mgongoni kwangu, miguu haijapata nguvu. Mama Elinuru alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

"Amebebwa?"

"Amebebwa, mama."

Akamchukua mgongoni mwangu, akamweka ndani kitandani, akarudi. Nikamweleza yote, debe, buti mpya, filimbi, sufuria. Nikamwambia si mimi, mama, ni wale. Ni wale waliomuua mama yao kwa semina, sasa wanataka kummaliza na huyu kwa ajili ya ndege. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Najua ni wao," akasema. "Kwani nimesema ni wewe? Lakini wao sina cha kuwanyang'anya. Wewe ninacho."

Nikamwachia wote wawili.

Nilikwenda ofisini kwa Edgar. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, watu wanaingia wanatoka, mimi naambiwa subiri mzee. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, mzee wangu. Lakini uelewe, hakuna aliyesema mtoto asigonge akipotea. Sisi tulizungumzia matumizi ya kawaida ya debe."

"Uliyazungumzia na mtoto wa miaka minane," nikamwambia. "Ungemweleza na hilo la matumizi ya kawaida."

Akaangalia saa. Mtendaji, aliyekuwa pembeni, akanishika bega kunitoa nje taratibu, akaninong'oneza, "Paskali, nenda nyumbani. Na mimi nina wakubwa zangu." Kila mtu nchi hii ana wakubwa zake. Nikiuliza mkubwa wa mwisho ni nani, ofisi yake imefungwa.

Njegere nilivuna kidogo nilichoachiwa na kima. Wakabandika kibao pale korongoni kinachotaka utulivu, kimepakwa rangi nzuri. Wageni walikuja, watu wapole tu, wakanipungia mikono, wakasikiliza ndege wao, wakaondoka.

Kipupwe kilipokwisha nilishuka na mzigo wangu, nikapita Soni kuwaona kabla ya kwenda nyika. Sheshe alikuwa uani anacheza na vifuniko vya chupa, akanikimbilia, akafika kwangu anahema. Zipora alikuwa shuleni. Mwalimu wake, Dorothea, alitoka darasani kunisalimia.

"Baba Zipora, hongera. Una mtoto mwenye nidhamu. Darasa zima linapiga kelele, yeye hata siku moja. Wenzake wanacheza wanapiga mayowe, yeye amekaa tu pembeni. Ningekuwa nao kumi kama huyu!"

Nikasema asante, mwalimu.

Zipora akanisindikiza mpaka barabarani, ameshika kidole changu. Nikimuuliza jambo ananijibu karibu na sikio, hata kama tuko wenyewe. Bibi anapika nini? Makande. Unamkumbuka mama? Ndiyo. Lori la Mombo likafika, nikatupa mzigo juu, nikapanda juu ya magunia peke yangu.

"Zipora!" nikamwambia kutoka huko juu. "Niite basi. Kwa nguvu, nikusikie mpaka kwenye kona."

Akafungua mdomo. Akageuka akaangalia upande huu wa barabara, akaangalia na upande ule, watu wote waliosimama pale, mmoja mmoja. Halafu akaufunga, akanipungia mkono.