Mzigo wa Kichwani na Dawa ya Moto

Edna aliweka kikombe chini polepole, jinsi anavyoweka sindano mbele ya mgonjwa anayemtukana.

"Gosbert, rudia hiyo sheria."

"Dada Edna, nimeshasema. Mganga mwenye mzigo hawezi kutupa dawa. Joka limekumeza. Umekufa."

Walikuwa barazani kwa Gosbert, mtaa wa Viwanja Sitini, Jumapili baada ya misa. Mchezo wenyewe aliuacha daktari mmoja Mzungu alipokuwa anarudi kwao: kitabu kinene cha Kiingereza na dadu za pande nyingi. Kila mchezaji ana mtu wake wa kufikirika, Gosbert anasimulia yanayowakuta, dadu inaamua: namba kubwa, umefaulu. Mtu wa Edna alikuwa mganga, Mama Mkula. Edna kamlea tangu kiangazi, kutoka kuwasha mshumaa kwa maneno mpaka kufikia dawa ya moto mkubwa.

Na sheria alizishika. Dawa ni maneno, unaikariri asubuhi. Ukishaitupa inakutoka kichwani mpaka ulale tena. Hilo lilimuudhi, maana Baba Yetu haijawahi kumtoka kwa kuisali, lakini alilimeza. Dawa ya moto aliitunza kwa ajili ya joka hili. Leo, kwa sababu kabeba gunia la hazina, anaambiwa kafa. Na aliyekufa anatoka mezani mpaka mchezo uanze upya, huko Krismasi.

"Kitabu kinataka mikono yote miwili iwe mitupu," alisema Gosbert. "Wewe una gunia."

"Nani kakuambia liko mkononi?"

"Liko wapi sasa?"

"Kichwani."

Fridolin, bwana shamba, ambaye mtu wake alikuwa ameshaliwa mguu mmoja, alicheka mpaka chai ikampalia. Gosbert hakucheka. Alipekua kurasa.

"Hapa kuna begi la mgongoni, kuna mkoba, kuna mkononi. Kichwa hakimo."

"Basi aliyeandika hajafika gulio la Kiberege. Mtu anatoka kwake na kapu kichwani, mtoto mgongoni, na mikono inasuka ukili njiani. Mama yako alikuwa anabebaje kuni? Kama mkoba?"

"Mama yangu asiingizwe kwenye mchezo."

"Umeshamtoa wewe. Hayumo kwenye kitabu chako."

Edna akasimama. Akasokota kanga yake ikawa kata ya kichwani, akaenda kwenye ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. Fridolin akamtwisha. Akarudi nayo mezani, imejaa.

"Nisomee dawa inavyotupwa."

Gosbert akasoma bila raha. Mkono wa kulia uchore duara, wa kushoto upige kifua, kisha yote isukumwe mbele huku maneno yanatamkwa. Edna akachora, akapiga, akasukuma. Maneno hayakuwa na maana yoyote. Aliyatamka kama anayeita jina la mgonjwa dirishani. Maji yalitikisika kidogo tu. Tone halikuanguka.

"Joka lenyewe liko juu," Gosbert akajitetea. "Mwenye ndoo hawezi kuangalia juu."

Edna akapandisha macho, kidevu hakikusogea. "Bati lako lina matundu mawili. Na buibui mmoja, mnene kukuzidi."

"Kaka, mpe dadu," alisema Fridolin, "tunywe chai."

Gosbert akaisukuma dadu kwa kidole. "Haya. Kwa leo nakuruhusu."

"Sitaki ruhusa ya leo. Jumapili ijayo utaniua tena. Andika."

"Kwenye kitabu cha daktari?"

"Si alikiacha? Andika."

Shingo ya Edna ilianza kuuma. Mwisho Gosbert akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa, kwa Kiswahili: mzigo wa kichwani haushiki mkono.

Edna akaisoma kutoka juu kule aliko. Kisha akaokota dadu na kuirusha akiwa wima, na ndoo yake.

Ikazunguka, ikasimama kwenye kumi na saba. Joka likaungua.

"Nitueni sasa," alisema Edna.

Wakainuka wote wawili.