Tunachoambiana Mlangoni

"Mavazi, mama," alisema mlinzi wa duka. "Mtoto amevaa nini?"

Nyuma yake, ndani ya kijumba cha mbao, nilimsikia mwanangu akilia kwa kwikwi. Nilikuwa nimemwachia mkono mara moja tu nipime mchele, akapotelea kati ya rafu.

"Ana miaka sita. Ana pengo juu, na kovu chini ya kidevu, aliangukia ndoo. Tunamwita Chiriku kwa vile hanyamazi."

"Sikuuliza anaitwaje. Mtoto mwenye hofu humkimbilia yeyote, ndiyo maana hapa ni mavazi kwanza. Hebu fumba macho, utamwona."

Nikafumba. Giza. Ndivyo nilivyo tangu nizaliwe. Sura ya mama yangu, ya mume wangu, ya mtoto niliyemnyonyesha, hakuna hata moja inayonijia. Wakisema watu "namwona akilini", nilidhani ni maneno ya kupamba tu, hadi mwalimu wetu wa masomo ya jioni aliponieleza kuwa wenzangu huona kweli, na kwamba wa aina yangu tupo. Nilifurahi siku ile kama niliyepata ndugu.

"Sioni kitu," nikasema. "Mimi sina picha kichwani, nakumbuka kwa maneno. Leo nimetoka alfajiri kwenda kazini, yeye bado na nguo za kulalia. Wifi yangu ndiye aliyemvalisha, akanikabidhi hapo nje sasa hivi, na simu yake haipatikani."

Mwanamke mmoja kwenye foleni ya malipo pembeni yetu akacheka. "Mimi wangu wanne, nikifumba macho nawaona mpaka kucha. Huyu mama wa wapi?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akadakia mwenzake. "Huyu labda kaokota."

Nimezoea kumeza maneno. Hayo hayakumezeka.

"Shangazi, mtoto akiwa na homa usiku, mimi sikandi picha. Namkanda yeye."

Nikamgeukia msichana wa mapokezi aliyesimama kando ya mlinzi. "Mdogo wangu, ingia umuulize mama yake kavaa nini."

Maana kila asubuhi, kabla ya kuachana, tunasimama mlangoni tukatajiana mavazi: yeye yangu, mimi yake. Kwake ni mchezo, kwangu ndiyo macho. Leo alisema zamu yake huku anasinzia. Zamu yangu ndiyo iliyobaki.

Msichana akaingia. Kwikwi zikakatika, kisha sauti ikapenya mbao.

"Blauzi ya kahawia. Kifungo cha juu cheupe, vingine vyeusi, kwa sababu kile cheusi nilikimeza. Na sketi kaigeuza, mshono uko nje. Nilimwambia, akasema bado giza, nani ataona."

Foleni nzima ikaiangalia sketi yangu. Mshono ulikuwa nje kweli.

Mlinzi akafungua mlango. "Si ungesema mapema."

"Nimesema mapema. Wewe ulitaka mama wa kwenye picha."

Chiriku akanirukia shingoni, mashavu yamelowa. Nikachuchumaa naye palepale kizingitini.

"Gauni la kijani," nikasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Mfuko wa kushoto umechanika. Kandambili nyekundu."

"Na kibanio cha nywele," akanikumbusha, akivuta kamasi.

"Na kibanio cha nywele."

"Mama, unaziba njia," alisema mlinzi.

"Subiri," nikamjibu. "Sijamaliza."