Hicho ni Kichwa cha Nani?

Siku ya kuhitimu, mkuu wa chuo chetu cha filamu hapa Sofia, Bulgaria, alitutangazia kwamba dunia yote iko wazi mbele yetu. Alisema kweli. Ilikuwa wazi kama friji la bweni letu: ukilifungua, taa inawaka vizuri kabisa, na ndani mna limau moja.

Kila mtu alijua mahali ninapopaswa kuanzia isipokuwa mimi. Mwalimu wangu wa kamera alisema Berlin, kwa sababu yeye mwenyewe aliishi Berlin miaka kadhaa na akarudi na koti zuri. Mjomba alisema nipige picha za harusi. "Watu wataacha kula, Yavor, hawataacha kuoana." Mama alisema halmashauri ya mji, maana pale kuna kantini. Naye Ralitsa, niliyesoma naye darasa moja, alisema Lom.

Lom ni kwao, mji wa kando ya Danube ambao kila mwenye miguu ameshauhama. Ralitsa alikuwa ameandika filamu fupi kuhusu ndugu wawili waliorithi mtambo mmoja wa kupikia rakia, pombe yetu kali ya plamu. Hawajasemezana tangu baba yao afe, lakini kila vuli hukaa pamoja kuchochea moto, kimya, kwa kuwa mtambo ni huo huo. Alitaka nishike kamera. Malipo yalikuwa rakia.

"Tunaanza plamu zikiiva," alisema. "Zikishadondoka siwezi kuzirudisha mtini kwa gundi. Nijibu mapema."

"Nitafikiria," nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayesubiriwa na Hollywood.

Nikaenda zangu kwenye kampuni ya filamu ya wageni, nje kidogo ya jiji. Huko kulikuwa na mtaa mzima wa New York uliojengwa kwa plaiwudi, na nyuma ya New York shamba la kabichi. Nilipewa cheo cha msaidizi wa tatu wa mwongozaji, na mama akawapigia simu majirani wote. Hakuwaambia kazi yenyewe ni ipi, kwa sababu sikumwambia. Kazi yangu ilikuwa vichwa.

Mambo yalianza hivi. Katika filamu ile rais wa Marekani anasimama jukwaani, anauliza umati: "Mko pamoja nami?" Umati unakubali kwa vichwa, muziki unapanda, watazamaji wanalia. Umati wenyewe ulikuwa wastaafu na wanafunzi wa Sofia waliovalishwa kofia za Kimarekani. Rais akauliza. Umati wote ukatikisa vichwa kushoto na kulia, kwa moyo mmoja, kama tunavyokubali sisi Wabulgaria tangu tukiwa kwenye maziwa ya mama; juu na chini kwetu ni kukataa.

"Mbona wanamkataa?" akauliza Bwana Whitlock, mwongozaji wetu Mmarekani.

"Hawamkatai. Wanampenda sana."

"Basi waambie wampende zaidi."

Nikawaambia. Wakatikisa zaidi, kushoto na kulia, mpaka kofia zikaruka. Rais alikaribia kujiuzulu.

Hivyo nikakabidhiwa vichwa vyote. Nilikuwa nimesomea mwanga, rangi na historia ya sinema, ili nije kusimama juu ya kreti ya bia na kupiga kelele: "Ndiyo ni juu na chini! Juu na chini! Kando kando ni hapana!"

Aliyenitoa jasho hasa ni mama mmoja mstaafu wa posta, ambaye sote tulimwita shangazi Tsonka.

"Mwanangu, mimi marehemu mume wangu nilimkubali kwa kichwa hiki hiki. Sasa unataka kuniambia nilimkataa?"

"Ni kwa ajili ya kamera tu, shangazi."

"Ndoa yote ile nimelala na mtu niliyemkataa! Na yeye kimya, anakula supu yangu!"

Umati ukavunjika mbavu. Hata hivyo walijifunza, na lililo baya zaidi, nilijifunza na mimi. Muuzaji dukani alikuwa akiniuliza kama nataka mfuko, kichwa changu kinakwenda juu na chini, ananinyima mfuko, nami natoka nimekumbatia viazi kama mtoto mchanga.

Septemba, Ralitsa alikuja kunitafuta. Alinikuta wakati wa chakula cha mchana, nikimalizia somo langu juu ya kreti.

"Plamu zimeiva," alisema. "Gari la mjomba wangu liko pale nje na kamera imo ndani. Nisipokwenda na wewe leo, atakayeshika kamera ni binamu yangu, yule anayepiga picha za ubatizo. Unakuja, huji?"

Nikatikisa kichwa kushoto na kulia.

Ralitsa akakunja uso. "Hicho ni kichwa cha nani?"

"Cha nani vipi?"

"Chetu au chao? Nimesimama hapa kitambo nakuangalia unavyowageuza watu shingo. Nitajuaje umesema nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta mwenyewe sijui. Kichwa kilikuwa kimejibu bila kuniuliza.

Papo hapo Bwana Whitlock akafika na sahani yake, akaniwekea mkono begani. New York inabomolewa, alisema, wanajenga Roma. Filamu ijayo ni ya magladieta, wapiganaji wa Roma ya kale, na ananitaka niwe msaidizi wa pili. Wa pili! Jina la msaidizi wa pili huandikwa mwisho wa filamu kwa herufi zinazosomeka.

"Unabaki nasi?"

Kichwa changu kikaenda juu, kikashuka chini.

"Safi sana!" akasema, akanikumbatia. Ralitsa naye akatabasamu, kwa kuwa yeye aliona nimekataa. Shangazi Tsonka, aliyekuwa kwenye foleni ya supu, akampigapiga yule Mmarekani mkononi. "Pole, baba. Utapata mwingine."

Dakika ile ilikuwa tamu kuliko zote za kazi yangu. Nilikuwa nimeajiriwa Roma na nimekwenda Lom, nimekubali na nimekataa, na hakuna aliyenuna. Wako watu katika sinema yetu walioishi hivyo mpaka wakavishwa nishani.

"Yavor," Ralitsa akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alikuwa ameona lile kumbatio. "Tumia mdomo."

Nikaitazama New York. Mafundi walikuwa wameshang'oa kuta za nyuma na kabichi zilionekana kupitia madirisha. Nikafikiria zile herufi zinazosomeka. Nikamfikiria binamu wa ubatizo, ambaye katika kila picha yake mtoto yumo na kuhani amekatwa kichwa, akiwaharibu wale ndugu wawili wa Lom huku mimi nawafundisha Warumi kukubali. Hapo damu ikanichemka.

"Hapana," nikamwambia Bwana Whitlock, na kichwa nimekishika kwa mikono miwili kisije kikaongeza la kwake.

"Lakini umekubali sasa hivi!"

"Hiyo ni huko kwenu. Hapa tuliposimama, nimekataa."

Nikashuka kwenye kreti. Shangazi Tsonka akaipanda ili aione supu imebaki kiasi gani.

Lom tulipiga picha ndani ya moshi na mvua. Binamu alinishikia mwavuli na kuninunia kila siku. Katika picha ya mwisho, kaka mkubwa anainua chupa ya rakia ya kwanza na kumtazama mdogo wake: nikumiminie? Mdogo anatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Nikausogelea uso wake na kamera, nikakata hapo hapo.

"Wageni hawataelewa," Ralitsa alisema.

"Waje Lom waulize."

Hawakuja. Majira ya kuchipua filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha dogo huko Ujerumani, na mhakiki mmoja akatusifu sana. Ralitsa alitusomea jikoni kwa mama, banitsa, pai yetu ya jibini, ikiwa mezani: vijana hawa wa Bulgaria, aliandika bwana yule, wana ujasiri adimu wa kuwanyima ndugu hawa upatanisho hadi mwisho.

"Tumwandikie tumsahihishe?" Ralitsa akauliza.

Nikakiinua kichwa juu, nikakishusha.

"Cha nani hicho?"

"Chetu," nikasema, kwa mdomo.