Mchana wa Kumpongeza Mwalimu Arkangelo

Mirembe alimpa Mwalimu Arkangelo habari saa sita mchana, sebuleni kwa mzee huyo, mtaa wa Hai Malakal, Juba, huku akimfunga tai. Mirembe alikuwa Mganda, muuza vitenge na mpiga klarineti, tena mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Siri hiyo aliificha wiki mbili, na sasa ilimtoka yote kwa pumzi moja. Nyachangkuoth amepatikana. Yuko Mangateen, kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani. Amekubali kuja, na saa tisa atakuwa amekaa kwenye kiti chake cha zamani katika okestra.

"Mimi iko najua wewe hapendi kushtukizwa, Mwalimu," alisema. "Lakini hii utanishukuru."

Mwalimu Arkangelo Swaka aligeuza macho dirishani, kwenye geti. Mirembe akadhani ni furaha, akalegeza fundo la tai kidogo ili mzee apumue.

Arkangelo alikuwa na miaka sabini na mmoja, na arobaini na minne kati ya hiyo alikuwa ameitumia kuongoza muziki. Alianza na bendi ya tarumbeta ya seminari, akafundisha Nairobi miaka ya ukimbizi, na mwaka 2007 akarudi Juba na wanafunzi kumi na mmoja waliokulia Kenya, wengi wao hawajapata kuiona nchi ya wazazi wao. Kwa hao akaunda okestra. Sasa ilikuwa na wapigaji thelathini na mmoja, Wasudani Kusini na Waganda. Katika wale kumi na mmoja wa mwanzo, mwenye sikio kuwashinda wote alikuwa Nyachangkuoth. Alimfundisha chelo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, tangu akiwa na miaka kumi na mitatu.

Asubuhi ya tarehe 16 Desemba 2013, risasi zikilia mjini, Nyachangkuoth alifika kwenye geti la nyumba ya Mwalimu akiwa na mumewe. Walikuwa Wanuer, na asubuhi ile hilo lilitosha kumwua mtu barabarani. Alibisha. Akasema, "Mwalimu, ni mimi." Arkangelo alikuwa amesimama upande wa ndani, hatua moja kutoka kwenye komeo. Nyumbani mlikuwa na mkewe na wajukuu watatu. Kwa mazoea ya kazi yake alihesabu: mwanamke yule alibisha mara kumi na moja. Kisha kukawa kimya. Februari iliyofuata aliambiwa kwamba mume aliuawa kabla hawajafika barabara kuu, na mke aliingia kituo cha Umoja wa Mataifa peke yake. Aliambiwa kama anavyoambiwa mtu yeyote. Habari za geti hakuna aliyezijua. Hakumtafuta. Alikuwa na sababu zake, na si zote zilikuwa za uongo, lakini miaka ilikuwa imefika kumi na mmoja.

Mirembe alipokwenda kupanga viti, Arkangelo alitoka na suti yake akasimamisha boda. Alitaka jambo moja tu: amwone Nyachangkuoth kabla ya kufika kwenye ukumbi wa sherehe, aseme mwenyewe alichofanya, apate atakachopata. Asipomwona, angesimama mbele ya watu mia mbili kupokea sifa, na hatua nne kutoka kwenye mkono wake angekuwapo mtu anayeujua ukweli, au asiyeujua. Hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

Huko Mangateen alimkuta muuza chai mmoja, Nyakim, karibu na lango la kambi. Nyakim aliitazama ile suti na lile jua, akamwuliza kama amekuja kuposa, maana wachumba wote waliobaki hapo ni wajane. Wanawake waliokuwa wakinywa chai walicheka. Kisha akamwambia kwamba Nyachangkuoth aliondoka tangu saa nne kwenda ukumbini, alitaka kuijaribu chelo kabla watu hawajaja. Kwa siku tatu, alisema, Nyachangkuoth alikuwa akivifanyisha mazoezi vidole vyake juu ya mpini wa mwiko.

Wakati wa kurudi, msafara wa magari ya jeshi kutoka makao makuu ya Bilpam ulifunga barabara kwa dakika thelathini na tano. Arkangelo alishuka kwenye boda, akaanza kutembea, mwenye boda akamfuata nyuma akimwomba apande, mzee atajiua kwa jua. Alipanda tena. Koti lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Alifika ukumbi wa kanisa saa tisa kasoro dakika tano, na mlangoni wakamdaka. Wazazi wa wanafunzi, wanakwaya wa makanisa matano, wenye maduka ambao kwa miaka walikuwa wakisikiliza mazoezi kupitia madirisha. Kila mmoja alitaka kumkumbatia, na kila mmoja alikuwa na la kusimulia. Kupitia mabega yao alimwona Nyachangkuoth. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye shingo ya chelo, akikaza uzi.

Aliwapenya watu hadi kwenye kiti chake.

"Nyachangkuoth. Asubuhi ile ulipokuja..."

"Najua ulikuwa ndani," alisema bila kuacha kukaza. "Niliziona ndara zako chini ya geti. Za kijani."

Arkangelo alifungua mdomo, na hapo hapo mkono wa Norman ukamshika kiwiko. Norman, Mganda fundi simu mwenye sauti nene, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na muda ulikuwa umefika.

Okestra ilipiga kwa dakika arobaini. Arkangelo aliongoza bila kosa. Mwili ulifanya ulichozoea. Kila mara chelo ilipotakiwa kuingia alimwashiria Nyachangkuoth kwa mkono wa kushoto, naye kila mara aliinua macho, akaingia pale pale alipopaswa kuingia, akarudisha macho kwenye karatasi. Hakumtazama wakati mwingine wowote. Ilipofika sehemu ya chelo peke yake, vidole vilimkataa mara mbili, na mara zote mbili alirudi kwenye mstari bila kutahayari.

Baada ya hapo zikaja sifa. Semei, mpiga fidla ya kwanza, alisema Mwalimu hakuwahi kumwacha mtu nje. Mzazi mmoja alisema kwamba katika mji ambao kila mtu anaulizwa kabila lake, Mwalimu aliuliza sauti ya mtu tu. Arkangelo alikuwa ameketi kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha dhahabu, mikono juu ya magoti. Norman alipompa kipaza sauti atoe shukrani, alikuwa ameshaamua.

Alisema kwa sentensi fupi, kama anavyoeleza kipimo cha wimbo. Alitaja tarehe. Alimtaja Nyachangkuoth na mumewe. Alisema walibisha mara kumi na moja, kwamba alisikia kila moja, kwamba hakufungua, na kwamba mume alikufa.

Kisha mama mmoja wa kwaya akasimama, machozi yakimtiririka, akasema, "Mungu amekwisha kukusamehe, baba!" Na ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, viti vikaburutwa. Watu walikuwa wakilia na kupongezana. Norman alimkumbatia, akasema kwenye kipaza sauti kwamba tangu azaliwe hajaona mtu mkubwa akijishusha namna ile.

Arkangelo aliinua mkono na kuufunga ngumi, ishara ya kukata sauti. Wapigaji wake wote waliielewa. Mikono yao iliyokuwa ikipiga makofi ilikufa hewani. Ukumbi haukuwa umewahi kuongozwa na mtu. Uliendelea.

Alimwendea Nyachangkuoth. Huyu alikuwa akifuta kwa kitambaa unga wa ulimbo wa upinde uliobaki kwenye nyuzi.

"Umewaambia wao," alisema, "na wao wamekujibu. Mimi hujaniuliza kitu."

"Nakuuliza sasa. Nakuomba unisamehe."

"Hapana, Mwalimu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa kama duka limefunguliwa. "Si leo. Kesho pia sidhani."

"Basi umekuja kwa nini?"

"Hii." Aligusa ubavu wa chelo. "Miaka kumi na mmoja sijaishika. Mirembe aliponiambia bado ipo, sikusikia mengine aliyosema."

Nyuma yao keki ilikuwa imeingizwa, ya ghorofa tatu. Norman alimwita Mwalimu, akampa kisu, na alipokwisha kukata akatangaza kwamba kipande cha kwanza, kwa heshima ya yale yaliyosemwa hapa, Mwalimu atamlisha dada yetu Nyachangkuoth, na dada atamlisha Mwalimu. Watu walianza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Simu ziliinuliwa. Mirembe, uso umelowa machozi, alimshika Nyachangkuoth mkono ili amsogeze mbele, lakini Nyachangkuoth hakusogea.

Arkangelo aliiweka sahani ya keki chini, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Norman.

"Nimemwomba msamaha sasa hivi," alisema. "Amekataa. Mwachie mkono, Mirembe."

Makofi yalikatika upande mmoja kwanza, kisha kote. Mtu aliyekuwa akipiga picha aliishusha simu polepole. Mirembe aliuachia ule mkono kama aliyeungua.

"Mwalimu," alinong'ona, "sasa sisi tufanye nini?"

Aliyejibu ni Nyachangkuoth, na alimjibu Mirembe peke yake, ingawa katika kimya kile hata walioketi nyuma walisikia. Aliuliza kama mazoezi bado ni Alhamisi. Mirembe akaitikia kwa kichwa. Nyachangkuoth akasema kwamba angependa kurudi, kwamba vidole vitafunguka baada ya wiki chache, lakini leo ameona ilivyo: kila akitakiwa kuingia, lazima amtazame anayeongoza. Ameweza dakika arobaini. Kila wiki hawezi.

Mirembe aligeuka kumtazama Mwalimu. Wapigaji thelathini nao wakageuka. Arkangelo aliwatazama mmoja mmoja, mstari kwa mstari, kama anavyofanya kabla ya kuinua mkono, na ilimchukua muda mrefu kuliko siku zote.

"Semei ataongoza," alisema. "Alhamisi, saa kumi. Mje na penseli."

Semei alianza kukataa, akaishia katikati. Nyachangkuoth aliilaza chelo ndani ya sanduku lake, akafunga vibanio vinne. Aliagana na Mirembe, akatoka kupitia mlango wa pembeni.

Kwenye ratiba ya Norman kulibaki jambo moja: watu wote wasimame, wamtakie Mwalimu miaka mingine kumi ya kuongoza. Norman aliisoma mara mbili, akaikunja karatasi, akaanza kuwagawia watu keki.