Dundo la Msondo wa Bi Kazija

Bi Kazija aliketi ukingoni mwa kitanda, bakora mapajani, akisikiliza kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Tena," alisema.

Ummy alibonyeza kitufe. Spika zilizokuwa juu ya kasha zikatoa mlio mzito, wa mviringo, uliotikisa vikombe vya kahawa kwenye sinia.

"Bado ni yeye."

Yeye alikuwa msondo, ngoma ndefu iliyolala uvunguni mwa kitanda hicho, imeviringishwa kanga mbili. Bi Kazija alikuwa kungwi, na kwa miaka arubaini aliwacheza wari unyagoni kwa ngoma hiyo. Ummy mjukuu wake alikuwa mmoja wao. Kila msondo una miiko yake. Wa Bi Kazija ulipigwa shambani, mbali na nyumba, na waliochezwa waliapa kwamba mwanamume hatausikia. Akiusikia, haupigiwi mwari tena. Nao wari saba wa Chwaka walikuwa wakiungojea mwezi ujao.

Jumanne, bibi alipokwenda kupima presha, Ummy aliufungua, akaupiga dundo moja tu mbele ya maikrofoni, akalitia katika mashine ya ngoma aliyoipigia kikundi cha Masoud cha kidumbaki, ngoma ya harusini. Madundo yaliyokuja na mashine yalikuwa yamemchosha. Yote yalilia kama mlango wa friji. Leo bibi alilisikia dundo lake akiwa jikoni, akaacha mchuzi motoni.

"Niachie nilibadilishe, bibi. Lisipokuwa sauti yake tena, kiapo hakijavunjika."

"Hajalisikia mwanamume?"

"Hajalisikia."

Asubuhi alikuwa amekwisha kumtumia Masoud dundo hilo kwa simu. Alilifuta kabla ya saa nne, akimwomba Mungu awe hajalifungua.

Alizungusha kifundo cha kwanza cha mashine, akausogeza mbele mwanzo wa sauti, ili mashine iruke pale mkono unapogusa ngozi.

"Bado."

Akaukata mkia wa mlio.

"Bado. Ukinikata mguu nitakuwa Kazija kigutu, sitakuwa mtu mwengine."

Akaipandisha sauti juu, akaigeuza ianze mwisho na kuishia mwanzo. Bibi alitikisa kichwa tu. Hatimaye Ummy alichukua kipande chembamba mno katikati ya sauti, akaifanya mashine ikirudie upesi upesi, mpaka pigo likatoweka ukabaki mvumo, kama nyuki waliofungiwa koponi.

Bi Kazija alisikiliza mara tatu.

"Huyu simjui," alisema, na mabega yake yakashuka.

Alasiri Masoud alipiga hodi, jasho likimtoka kwa ngazi.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unywe kahawa."

Ummy alimsikilizisha wimbo wa harusi, ule mvumo ukiwa ndani yake. Masoud alikunja uso.

"Hili debe umeliokota wapi? Bi harusi atadhani tumekuja kuziba mabomba. Nirudishie lile la asubuhi, mama! Lile lilinisimamisha malaika mwilini. Nimewasikilizisha na wenzangu barazani, kila mtu akashika kifua."

Masoud aliwatazama mmoja baada ya mwengine, akamaliza kahawa yake kwa haraka, akaaga.

Nyayo zake zilipokwisha ngazini, Bi Kazija alisema, "Mtoe."

Ummy alipiga magoti, akauvuta msondo, akazifungua kanga.

"Bibi, wale hawajui walichokisikia."

"Wewe ulijua."

"Nilidhani..."

"Ulijua, na ukaniweka hapa mchana kutwa nikupimie uongo wako. Niletee kisu."

Ummy alikileta. Bibi aliupitisha mkono juu ya ngozi, mara moja, kisha akaweka ncha ya kisu pembezoni.

"Kesho utakwenda Chwaka. Mama zao utawaambia wewe, kwa kinywa chako, kwamba sina ngoma."

"Ndiyo, bibi."

"Haya, mshike vizuri. Asiyumbe."

Ummy aliukumbatia msondo kwa mikono yote miwili, shavu likigusa ubao, na kisu kikaingia.