Sehemu ya Tano Iko kwa Redio

Kitabu kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa watano, kwa hiyo tulikikata kwa wembe. Tamthilia ile ya kisasi ilikuwa na sehemu tano. Kila mtu akachukua moja, na kila baada ya siku chache tukabadilishana. Ilipofika Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani wa Fasihi nilikuwa nimesoma nne. Ya tano alikuwa nayo rafiki yangu tuliyemwita Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na pa kuuzimia. Tulikubaliana niifuate kwao saa nne asubuhi.

Mimi siwezi kusoma kimya. Msikilizaji wangu alikuwa kaka, mchomeleaji wa vyuma katika karakana aliyoachiwa na baba. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikasoma, yeye akikata mabomba. Mwanzoni alinicheka.

"Profesa, hao watu hawana kazi? Kila mmoja anahutubia ukuta."

Lakini tulipofika pale kijana anapoingia nyumbani kwa waziri aliyemuua baba yake, akajifanya mtumishi mnyenyekevu, kaka alizima mashine.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Na hakuna aliyemshuku?"

"Hakuna. Anawaandalia chakula kila siku."

"Huyo ana akili," akasema, akitazama mikono yake.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikula amesimama. Alifungua mlango, akachungulia nje, akaufunga. Aliniuliza mambo ambayo hata mwalimu hakuwahi kuyauliza: kijana alisubiri muda gani? Mikono ilimtetemeka? Nami nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani kaka ameipenda fasihi.

Miaka miwili nyuma, jukwaa la ujenzi ambalo baba alilichomelea lilianguka, kibarua mmoja akavunjika mguu. Mkandarasi mwenyewe ndiye aliyeng'oa vyuma vya kuliimarisha akavitumia kwingine. Lakini mbele ya watu alisema, "Kazi ya huyu mzee ni ya juu juu." Wateja wakapungua, na baba akaacha kushika mashine. Siku hizi anashinda nyumbani akinoa visu vya majirani.

Jumamosi hiyo, saa tatu, nilimpelekea kaka chai. Alikuwa akimalizia stendi ya tangi la maji, miguu minne, ndefu kunishinda mara mbili. Alikuwa akiipaka rangi, na kuna kitu kikanikera kabla sijakielewa.

Sisi tumekua na mlio mmoja masikioni. Ukishachomelea, magamba meusi hubaki juu ya maungio; unayagonga kwa nyundo ndogo, ta-ta-ta, yadondoke, uone kama chuma kimeshikana kweli. Baba hakuwahi kugusa brashi kabla ya kugonga. Kaka alikuwa akipaka rangi juu ya magamba.

"Hujagonga."

"Nitagonga."

"Utagonga rangi?"

"Kanywe chai yako, Profesa."

"Chai ni yako. Hii stendi ya nani?"

"Kaiagiza fundi bomba. Ya mteja wake."

"Mteja gani?"

Brashi ikaongeza mwendo. Nikajua. Fundi bomba alikuwa akifanya kazi katika nyumba mpya ya mkandarasi, na mwezi mzima alikuwa akilisimulia tangi lake la lita elfu mbili.

Niliokota nyundo nikagonga ungio lililokuwa karibu. Gamba likaruka na rangi yake mbichi. Chini yake palikuwa na nukta mbili tu za kuchomelea pembeni, na katikati pengo ambalo ukucha ungepita.

"Weka hiyo nyundo chini."

"Kaka, mke wa mkandarasi atakuwa anafua chini ya hili tangi!"

"Si wewe uliyenisomea? Wiki mbili, mtoto anadai haki ya baba yake, na wewe mwenyewe ukalia!"

"Hatujafika mwisho!"

"Haya, mwisho ukoje?"

Sikuujua. Mwisho ulikuwa kwa Redio. Mwalimu alitufundisha kwamba katika tamthilia za aina hii damu haichagui, lakini hilo lilikuwa jibu la mtihani, na kaka hakuwa akitafuta alama. Nikasema yaliyonijia.

"Likianguka, mkandarasi atasema nini?"

Akachovya brashi koponi.

"Atasema, si niliwaambia? Baba na mwana, kazi yao ya juu juu. Na safari hii atakuwa anasema kweli. Miaka miwili anatembea na uongo, na wewe unaenda kumchomelea uongo wake usije ukaanguka."

Kaka aliizunguka stendi mara moja, mara mbili, kama anayemtafuta mtu ndani yake. Akalipiga teke kopo la rangi.

"Hujui ninavyomchukia."

"Sijui. Gonga."

Akaninyang'anya nyundo.

Maungio yalikuwa kumi na sita. Alikwangua rangi, akagonga, akachomelea upya, mimi nikishika miguu ya stendi na kugeuza uso kila cheche ziliporuka. Simu ikaita.

"Uko wapi wewe?" Redio akafoka. "Nasafiri na mama saa tano, narudi Jumatatu kwenye mtihani. Shauri yako!"

Nilimtazama kaka. Brashi ilikuwa hatua mbili tu kutoka mguuni pake; nikiondoka, angeweza kuirudia.

"Nenda nayo," nikamwambia Redio, nikarudisha simu mfukoni.

Saa sita fundi bomba alikuja na pikapu. Akaipanda stendi, akarukaruka juu na tumbo lake lote.

"Hii hata tembo anaweza kuja kuoga hapa. Nikiulizwa kazi ya nani?"

Kaka alifuta jasho kwa mkono wa shati. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alisimama mahali pamoja.

"Mwambie ya baba yangu. Lakini usiipakie kwanza. Mzee hajaikagua."

"Mzee si aliacha kazi?"

Kaka alikuwa ameshatoka na glavu zake mikononi, kwanza akitembea, halafu akikimbia, kuelekea nyumbani.

"Sasa mzee akikataa kuja?" fundi bomba akaniuliza.

Nikampa ile chai iliyopoa, nikasimama mlangoni nikitazama kona ya barabara.